Jibu: Mashine ya kupimia dhahabu haitakuambia Fe²⁺ au Fe³⁺

Mdogo wangu, nimekuelewa: una unga wa oksidi ya chuma, unataka kujua chuma chake ni Fe²⁺ (atomu iliyopoteza elektroni mbili) au Fe³⁺ (iliyopoteza tatu), na mashine ya eksirei ya wanunuzi wa dhahabu hapo Mwanza imekuandikia "Fe" basi. Haitazidi hapo, kazi yake ni kutambua elementi.

Wewe unahitaji kipimo cha ufyonzaji wa eksirei, yaani kuona sampuli inavyomeza eksirei za nishati mbalimbali (nishati hiyo huhesabiwa kwa eV, elektronivolti). Karibu na eV 710 elektroni ya chuma iliyo ndani (2p) inarukia nafasi ya nje zaidi (3d), na tofauti inaonekana vizuri, ila sampuli hukaa kwenye ombwe (mahali pasipo hewa). Karibu na eV 7112 ni rahisi zaidi: miale hupenya hewa, na ukingo (nishati ambapo ufyonzaji hupanda ghafla) wa Fe³⁺ huwa juu ya ule wa Fe²⁺ kwa eV chache. Ningeanza na huo.

Tuma maombi SESAME, kituo cha utafiti chenye miale mikali ya eksirei huko Jordan, msimamizi wako akishayasoma. Chupa ifungwe kavu, hewa yenye unyevu wa ziwani huweza kugeuza Fe²⁺ kuwa Fe³⁺. Na usithubutu kufungua mashine ya eksirei mwenyewe; mwachie mtaalamu mwenye kibali.