Re: Gari linachemsha nikipanda Kitonga
Pole mkuu, umesema gari linachemsha ukipanda mlima Kitonga, kila siku unaongeza maji ya bomba, na tairi ulizofunga ni za mtumba. Kama tambarare lipo poa ila mlimani ndo linachemsha, ningeanza kuangalia rejeta (ile inayopoza maji ya injini) kuziba au feni yake mbovu, na hayo maji ya bomba unayoongeza kila siku acha, yanaleta kutu, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea injini). Mshale wa joto ukipanda paki pembeni uzime, subiri hata nusu saa ndo ufungue mfuniko wa rejeta, mi nilifungua ikiwa ya moto maji yakaniruka mkononi, kovu ninalo mpaka leo. Oili ikiwa kama chai ya maziwa usiwashe tena, ita fundi, mara nyingi hiyo ni gasketi ya silinda hedi (kizibo cha juu ya injini) imeungua, maji yanaingia kwenye oili. Na tairi zako za mtumba, soma namba 4 za mwisho ubavuni, 3512 ni wiki ya 35 mwaka 2012, hizo zimezeeka, tupa. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea.