Meneja ni mwanamume, mbona nimwite "Lei"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katika hoteli ya ufuoni hapa Watamu, na Kiitaliano changu nimekiokota kwa wageni: ciao, come stai, vieni, guarda. Sasa nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi ya mapokezi, na meneja ni Mwitaliano mtu mzima. Rafiki yangu ananiambia nisithubutu kumwambia "tu", yaani wewe, nimwambie "Lei". Nimefungua kitabu, naona "lei" ni yeye wa kike. Huyu ni mwanamume! Nitamwitaje hivyo mbele ya macho yake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako amekwambia kweli, na kitabu chako nacho hakijakosea. Kiitaliano ulichokiokota ni cha watu waliokwisha kuzoeana, kwa sababu mgeni aliye likizo huanza na "tu" bila kufikiri. Kwenye meza ya mapokezi, na zaidi kwenye mahojiano, mambo ni mengine.

Hebu fikiria mhudumu wa mkahawa anavyomwambia mteja mzee: "Mzee atakunywa nini?" Mzee yuko mbele yake, wanatazamana, lakini kitenzi kimewekwa katika nafsi ya tatu. Hakusema "utakunywa". Ameitanguliza heshima, kisha kitenzi kikafuata ile heshima. Waitaliano walifanya hivyohivyo. Katika karne ya 15 na ya 16, mabwana wakubwa waliitwa Vostra Signoria au Vostra Eccellenza, yaani ubwana wako, utukufu wako. Nomino za Kiitaliano zina jinsia mbili za kisarufi, na signoria na eccellenza yako upande wa kike. Kwa hiyo anayerejelea "utukufu wako" anatumia kiwakilishi cha kike, awe anasema na mwanamume au mwanamke. Ni upatanisho wa sarufi tu, sawa na sisi tunavyopatanisha ngeli. Meneja wako hatasikia kwamba umemwita mwanamke. Atasikia heshima.

Hata Waitaliano wenyewe waliwahi kukorogana hapo. Mwaka 1938 utawala wa Mussolini ulipiga vita Lei, ukidai ni ya kigeni na ya kitumwa, ukaamuru watu waambiane "voi", yaani ninyi. Gazeti la wanawake lililoitwa Lei likalazimika kubadili jina na kuwa Annabella, ingawa jina lake lilimaanisha yeye wa kike, basi. Baada ya utawala ule kuanguka Lei ilirudi. Voi ya heshima kwa mtu mmoja bado utaisikia kwa watu wa kusini, hasa pande za Napoli. Ukiambiwa voi na bibi wa huko, ujue anakuheshimu. Wewe mjibu kwa Lei.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana watu wengi hukariri neno Lei wakadhani wamemaliza. Heshima ya Kiitaliano inakaa kwenye kitenzi. Kama Kiswahili kisivyohitaji "wewe" kila mara kwa sababu u- imeshasema, Kiitaliano nacho huacha kiwakilishi. "Hai dormito bene?", umelala vizuri, ni ya "tu"; "Ha dormito bene?" ni ya Lei, na neno Lei lenyewe halimo. Vuoi (unataka) inakuwa vuole, sei (wewe ni) inakuwa è, puoi (unaweza) inakuwa può. Anayesema "Lei vuoi" anaharibu kuliko asiyetaja Lei kabisa.

Panapowaangusha wengi ni kwenye kuamuru na kuomba, na hapo ndipo mtu wa mapokezi anashinda kutwa. Vitenzi vinavyoishia -are, kama scusare (kusamehe) na firmare (kutia saini), kwa "tu" huishia a: scusa, firma. Kwa Lei vinaishia i: scusi, firmi qui. Vile vya -ere na -ire vinageuka kinyume: "tu" ni senti (sikia), prendi (chukua); Lei ni senta, prenda. "Vieni" yako uliyoizoea inakuwa venga, na "guarda" inakuwa guardi. Tena kiwakilishi kidogo kinahama: kwa "tu" kinaganda nyuma, dimmi (niambie), seguimi (nifuate), accomodati (karibu uketi), kwa Lei kinatangulia, mi dica, mi segua, si accomodi. Yakariri haya kwa sauti, mawilimawili, hadi ulimi uyatoe bila kuuliza kichwa. Mzee wa miaka sabini aliyetoka safari ndefu akiambiwa "firma qui", inaweza kumkaa vibaya, hata kama hatakwambia.

Mtendwa naye hubaki upande wa kike: La ringrazio, nakushukuru, Le porto il caffè, nakuletea kahawa. Usiseme lo wala gli kwa kuwa mbele yako ni mwanamume. Lakini kivumishi humfuata mtu mwenyewe: "Lei è stanco?", umechoka, kwa bwana, "Lei è stanca?" kwa bibi. Cha umilikaji hufuata kitu kinachomilikiwa, kama kwetu chumba chake na pasipoti yake: la Sua camera, il Suo passaporto.

Wageni wakiwa wawili au zaidi, pumua: tumia voi. "Avete dormito bene?" Loro (wao) ya heshima imebaki kwenye hafla za kifahari sana. Ciao nayo ni ndugu wa "tu". Ukiwa kwenye Lei sema buongiorno, buonasera, arrivederci. Arrivederla ni rasmi zaidi, na haibadiliki kwa mwanamume wala mwanamke.

Je, ni nani wa kufungua mlango wa "tu"? Mwenye umri au cheo kikubwa zaidi. Atasema "diamoci del tu", tuambiane "tu", au "dammi del tu", niambie "tu". Asiposema, baki na Lei, hata kama yeye anakwambia "tu". Wafanyakazi wa burudani katika vijiji vya likizo huwaambia wageni wote "tu", ila wale wana desturi yao. Mapokezi si mahali pake.

Kwenye mahojiano ingia na "Buongiorno, direttore". Usipoelewa swali, sema "Scusi, può ripetere?", samahani, unaweza kurudia? Ukiteleza ukasema "puoi", sema tena "può" papo hapo na uendelee. Ukitoka: "La ringrazio, arrivederla." Jioni ukimwandikia barua pepe ya shukrani, anza na Gentile direttore (mheshimiwa meneja), umalizie na Cordiali saluti (salamu za dhati). Katika maandishi rasmi wengi bado huandika Lei, La, Le na Suo kwa herufi kubwa, na kwa barua hii nakushauri nawe ufanye hivyo.