Nahama kazi, paa linavuja na mkopo haujaisha: nichukue topapu?

SWALI

Dada, habari za kazi. Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Nimepata kazi sehemu nyingine, wananitaka Oktoba 6. Mshahara wangu wa msingi unatoka 1,200,000 kwenda 1,600,000.

Nina mkopo wa benki wa milioni 10, riba asilimia 17 kwa mwaka inayopungua (inatozwa kwenye deni lililobaki tu), miezi 48. Mwezi huu wa Agosti nimelipa rejesho la 20, shilingi 288,600. Mtaani nilikopa milioni moja kwenye taasisi ndogo ya mikopo, narejesha 200,000 kwa miezi 6, imebaki minne. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu nao wananikata. Taslimu nina 900,000. SACCOS ya kazini nina akiba ya 1,400,000, ila nimemdhamini mwenzangu mmoja.

Nyumba yetu iko Kivule. Bati linavuja, na tumeshabomoa singibodi (mbao za dari) ya vyumba viwili. Fundi ametupigia hesabu ya 4,800,000: bati na ufundi 1,900,000, singibodi 800,000, vigae 1,400,000, geti 700,000. Mume wangu ana bajaji, chakula na ada anabeba yeye. Afisa wa benki ameniambia nichukue topapu, yaani niongezewe mkopo juu ya huu nilionao, nimalize nyumba yote, rejesho litapanda kidogo tu. Nichukue kabla sijaacha kazi? Na ile ya mtaani, niilipe yote sasa hivi?

JIBU

Mdogo wangu, hongera kwa kazi. Topapu usichukue, na nitakuonyesha kwa nini, maana afisa hakukudanganya. Rejesho kweli litapanda kidogo. Hapo ndipo watu wengi huingia bila kujua.

Baada ya marejesho 20, deni lako la benki limebaki kama 6,630,000. Ukiongezewa 4,800,000 unakuwa na deni la 11,430,000, na hesabu inaanza upya miezi 48. Kwa riba ileile rejesho linakuwa kama 329,800. Ni nyongeza ya 41,000 tu kwa mwezi, na nani atakataa? Sasa zidisha. Leo umebakiza marejesho 28, jumla kama 8,080,000. Kwa topapu utalipa marejesho 48, jumla kama 15,830,000. Tofauti ni 7,750,000, kwa ajili ya 4,800,000 utakayoshika mkononi. Na hapo sijaweka ada ya mkopo na bima yake, ambavyo kwa kawaida hukatwa upya.

Hata kama hesabu ingekuwa nzuri, wakati ni mbaya. Mkopo wa mfanyakazi dhamana yake ni mshahara unaopita kwa mwajiri anayejulikana. Soma mkataba wako, kurasa za nyuma zile ambazo hakuna anayezisoma siku ya kusaini: mara nyingi imeandikwa kwamba ukiacha kazi, benki inaweza kudai deni lote kwa mkupuo, au kushika mafao yako ya mwisho. Kuchukua topapu huku barua ya kuacha kazi iko kwenye mkoba ni kuificha benki jambo inalotakiwa kulijua. Na bima ya mkopo isikupe moyo. Hiyo hulipa mkopaji akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Zipo zinazolipa ukipunguzwa kazini, lakini aliyeacha mwenyewe hazimhusu.

Nilikuwa afisa mikopo kwa miaka tisa kabla ya kuanza kushauri watu, na nilichokiona mara nyingi ni hiki: mtu haangushwi na ukubwa wa deni, anaangushwa na ule mwezi mmoja au miwili ya kutoka mwajiri huyu kwenda yule. Nilikuwa na mteja, mtu mwaminifu kabisa, hakuwahi kukosa rejesho hata moja. Alihamia kazi yenye mshahara mkubwa zaidi, mwajiri mpya akawa analipa kupitia benki nyingine, naye akadhani makato yataendelea yenyewe. Hayakuendelea. Alipokuja kushtuka siku 90 zilishapita, mkopo umeshahesabiwa chechefu, yaani usiolipwa, na jina lake limeshapelekwa kwenye taarifa za wakopaji. Pesa alikuwa nayo muda wote! Kilichokosekana ni mtu wa kuihamisha kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Roho iliniuma sana, na ndiyo maana nalisisitiza jambo hili kuliko yote.

Kwa hiyo kabla ya vigae, kabla ya geti, kabla hata ya kufikiria kulipa deni lolote mapema, jenga daraja, yaani pesa ya kukuvusha mpaka mshahara mpya uingie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Andika barua siku za mwanzo za Septemba na mshahara wa Septemba utaupata kazini ulipo. Ukianza Oktoba 6, unaweza kuwahi malipo ya Oktoba, tena kwa siku ulizofanya tu, au ukakuta orodha ya mishahara imeshafungwa ukasubiri mwisho wa Novemba. Waulize wa rasilimali watu swali hili leo, tarehe kamili. Mpaka wakujibu kwa maandishi, hesabu kwamba utakaa miezi miwili bila mshahara: marejesho mawili ya benki 577,200, mawili ya mtaani 400,000, jumla 977,200. Hilo ndilo daraja lako.

Kiinua mgongo usikitegemee. Kisheria hulipwa pale mwajiri anapokuachisha, siyo pale unapoondoka mwenyewe. Unachostahili ni siku ulizofanya kazi na likizo ambayo hukuchukua. Hesabu siku zako za likizo, na zikifika 14 hivi zinakaribia nusu mshahara kabla ya kodi. Usizichukue kama mapumziko mwezi huu. Ziache zilipwe.

Ukishaandika barua kazini, wiki hiyohiyo nenda benki na mkataba wako mpya. Unaogopa watakudai lote? Nakuelewa, lakini benki humwogopa zaidi mtu anayetoweka kuliko anayekuja na mkataba wa mshahara mkubwa. Omba mambo mawili: mshahara mpya uendelee kupita kwao kwa barua ya mwajiri mpya, na kama haiwezekani, uweke maelekezo ya kudumu ya kuhamisha rejesho kila mwezi, tarehe iwe siku mbili tatu baada ya mshahara kuingia. Ondoka na nakala yenye mhuri.

Hiyo laki nne ya nyongeza nayo tuitazame vizuri. Ikiingia kwenye hati ya mshahara, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10, yaani 40,000. Inabaki 360,000 ya kutozwa kodi, na kwa kuwa umeshavuka milioni moja, kodi yake ni asilimia 30: 108,000. Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo kwao inaongezeka 60,000. Mkononi unafikiwa na 192,000. Leo, kabla ya benki, unabaki na 748,000. Kazi mpya itakupa 940,000. Ni nyongeza nzuri, nakutakia uifaidi, ila fundi asipige hesabu ya laki nne.

Tukiwa hapohapo, deni la Bodi ya Mikopo usilikimbize. Tangu tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile ya asilimia 6, ifutwe mwaka 2021, hilo ndilo deni rahisi kuliko yote uliyonayo. Likatwe taratibu. Ila mwambie mwajiri mpya mapema kwamba wewe ni mnufaika, aanze kukukata, usije ukaletewa malimbikizo.

Sasa ile ya mtaani. Kwa hesabu yao riba ni asilimia 3.3 kwa mwezi, na huenda unaona siyo mbali sana na benki. Iko mbali sana. Wanatoza riba juu ya milioni nzima kila mwezi, wakati wewe kila mwezi umesharudisha sehemu ya mtaji, yaani ile pesa uliyokopa. Ukiipima kwa njia ya benki, riba inayopungua, inafika karibu asilimia 5.5 kwa mwezi. Ya benki yako ni kama 1.4 kwa mwezi. Ukisikia hivyo unataka kuikimbia leo, na mimi ningekuruhusu, lakini kuna swali moja la kuuliza kwanza: nikilipa yote leo, riba ya miezi iliyobaki mnaifuta?

Umebakiza 800,000. Kwa hesabu yao wenyewe, ndani yake mtaji ni kama 666,700 na riba 133,300. Wakikuambia lete 666,700, au hata 700,000, na pesa hiyo ipo nje ya daraja, lipa na uchukue barua ya kumaliza deni. Wakisema lazima 800,000 kamili, basi kulipa mapema hakukuokolei hata shilingi. Wewe unawapa pesa mapema na wao hawakupi kitu. Fuata ratiba, Desemba iishe. Angalia pia kama wana leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kama wameshikilia kadi yako ya benki na namba ya siri, siku mshahara ukihama watakusumbua, kwa hiyo dai kadi yako na ubadilishe namba.

Tuje kwenye nyumba. Mimi si fundi, lakini kazi ilinipeleka kwenye nyumba nyingi zilizokwama, na nyingi zilikuwa na vigae vizuri chini na doa la maji juu. Mvua za vuli zinaanza Oktoba. Maji yakiingia kwenye wayaringi na kenchi, hasara yake inashinda riba zote tulizozitaja. Kwa hiyo paa ni sasa, ila siyo paa lote. Mlete fundi wa pili, asiyetarajia kuuza bati, apande juu mkimwagilia maji kwa mpira. Mara nyingi panapovuja ni kwenye misumari iliyolegea au pale paa mbili zinapokutana, na dari nzima hulowa kwa sababu ya sehemu ndogo. Tengeneza upande ulio juu ya vile vyumba viwili, usivuke 550,000. Vifaa nunua mwenyewe au mume wako aende na bajaji yake, fundi umlipe kwa hatua, na dukani usikope hata kilo ya misumari. Singibodi isubiri mpaka vuli ipite na muone paa limeshika. Watoto watalala chini ya kenchi miezi michache. Ni karaha, najua, lakini singibodi iliyolowa inanunuliwa mara mbili.

Katika 900,000 zako, basi, 550,000 ni ya paa na 350,000 inaanza daraja. Ongeza kinachobaki kwenye mshahara wa Septemba, ongeza malipo ya likizo, utakuwa karibu na 977,200. Pengo linalobaki ndilo linalokupeleka SACCOS. Hapo kuna kazi: akiba yako imeshikwa na udhamini wa mwenzako. Usiondoke kazini ukidhani itakufuata. Kaa naye wiki hii, kwa heshima, mwambie unahama na atafute mdhamini mwingine, kisha mwende pamoja ofisini kwao mjaze fomu. Mpaka akiba iachiwe, usiihesabu popote. Ikiachiwa, jazia daraja, na iliyobaki ikae bila kuguswa mpaka umalize kipindi cha majaribio kazi mpya, kwa sababu wakati huo ndipo mwajiri anaweza kukuacha kwa urahisi zaidi.

Desemba, deni la mtaani likiisha, kila mwezi unakuwa na 200,000 iliyoachiliwa na 192,000 ya nyongeza. Januari na Februari zote ziende kwenye upande wa pili wa paa kama bado unahitaji, mmalize kabla ya masika ya Machi. Kuanzia Machi, 200,000 ongeza kwenye mkopo wa benki na 192,000 iwe ya nyumba: singibodi kwanza, vigae baadaye, geti mwisho. Kwa mwendo huo benki unaimaliza kwa marejesho 13 badala ya 22, na unaokoa kama laki nne za riba.

Ila siku unapopeleka ile 200,000 ya kwanza usiiweke tu kwenye akaunti ukadhani imepunguza deni. Benki nyingi zitaiacha pale, zikusubirie rejesho lijalo. Uliza kwanza kama wanatoza ada kwa anayelipa mapema, halafu andika barua fupi: kiasi hiki kipunguze mtaji, rejesho libaki lilelile, muda ndio ufupishwe. Baada ya siku chache omba ratiba mpya ya mkopo na uangalie tarehe ya rejesho la mwisho. Kama haijawa ya mapema zaidi, rudi kaunta na barua yako.