Papa mdogo wa miamba: maswali yenu

Wiki iliyopita niliandika juu ya papa mdogo wa pwani yetu aliye hatarini kutoweka, mwenye mkia mfupi, ambaye kitaalamu ni Pseudoginglymostoma brevicaudatum. Haya ni baadhi ya mliyouliza.

Ziwa Nyasa lina kina kirefu. Mbona hatusikii papa huku? – Msomaji, Kyela

Hawapo. Wako papa wanaopanda mito, na Zambezi wanaingia. Lakini maji ya Nyasa hutoka ziwani kwa Mto Shire, unaoingia Zambezi, nao una maporomoko ambayo papa hayapandi. Huyu wetu ni wa baharini tu, kwenye matumbawe ya Kenya, Tanzania na Madagaska.

Shikamoo. Anauma watu? – Mwanafunzi, Iringa

Marahaba mwanangu. Usimwogope, hafiki hata mita moja. Mkubwa kabisa ana sentimita 75 hivi.

Papa mkavu ninayemnunua Mwanjelwa anaweza kuwa huyo? – Mama lishe, Mbeya

Anaweza, mama, na hapo ndipo panaponiuma. Ananaswa kwenye nyavu zilizotegewa samaki wengine, anapasuliwa, anatiwa chumvi, anaanikwa, kisha anauzwa kwa jina lile lile moja la papa. Kipande kikishatolewa kichwa na mapezi, huwezi kumjua kwa macho.

Ila ukimkuta mzima, mtazame vizuri. Rangi yake ni ya kahawia, macho ni madogo mno, na puani ana vindevu viwili vifupi. Mapezi mawili ya mgongoni yamekaa nyuma na yanakaribiana ukubwa. Mkia haufiki hata moja ya tano ya urefu wake wote. Wa namna hiyo, nakuomba usimnunue, na umweleze muuzaji sababu kwa upole. Naye hajaambiwa na mtu.

Kama hakuna anayemlenga, amepunguaje hivyo? – Mwalimu, Makambako

Mwalimu, yeye anaishi hapo hapo wavuvi wanapofika kila siku, maji ya karibu na pwani, na anapoishi pameharibiwa. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku nchini tangu 1970, lakini milipuko iliendelea miaka mingi baadaye. Tumbawe likivunjika, linachukua miaka mingi kurudi, na papa huyu anataga mayai huko huko. Wanasayansi waliandika maelezo yake kwa mara ya kwanza mwaka 1867, kutokana na samaki wa Zanzibar. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe na mazingira, imemweka daraja la hatari kubwa kabisa, ambalo baada yake ni kutoweka porini.

Bado naona pa kushika. Kwenye matangi ya maonyesho ng'ambo ametaga na mayai yakaanguliwa. Tena ana roho ngumu: akitolewa majini huweza kuishi saa kadhaa. Wenye ndugu Kilwa, Mafia au Mtwara, wapigieni simu muwaambie: wakimkuta wavuni angali hai, wamrudishe majini. Muda wa kufanya hivyo wanao.