Maswali ya wasomaji: Miungu wa Ugiriki ya kale, hadithi zao na madhabahu zao

Safari hii tumeweka pamoja maswali yanayohusu visasili vya Wagiriki wa kale, yaani hadithi za miungu na mashujaa wao. Tumefupisha baadhi ya maswali, na la sadaka tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo linalofungua mengi.

Nimesoma vitabu vitatu vya hadithi hizi na vyote vinapingana. Ni kipi chenye hadithi sahihi?

Hakuna, na hata Mgiriki wa karne ya 6 KK asingekuonyesha. Hawakuwa na msahafu, wala baraza la makuhani la kuamua ipi ni kweli na ipi ni uzushi. Kuhani alikuwa na mamlaka juu ya hekalu alilolihudumia, basi. Walichokuwa nacho ni washairi. Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, anasema Homer na Hesiod ndio waliowapangia Wagiriki nasaba ya miungu, sifa zao, kazi zao na sura zao. Lakini hata hao wawili hawakuwa sheria. Mshairi Stesichorus aliimba kwamba Helen, mwanamke anayesemwa kuwa chanzo cha vita vya Troy, hakufika Troy kabisa, na mwaka 412 KK Euripides akaijengea habari hiyo tamthilia nzima, ikachezwa Athens mbele ya umma.

Kwa hiyo kila unapokutana na hadithi, uliza kwanza nani anaisimulia na aliishi lini. Mfano ni Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki katika vita hivyo. Wengi wanaamini silaha haikuweza kumdhuru isipokuwa kisiginoni. Katika Iliadi, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy, kitabu cha 21, mkuki wa adui yake Asteropaeus unamkwaruza mkono wa kulia na damu inamtoka kama mtu mwingine yeyote. Habari ya mama yake kumchovya katika mto Styx tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK. Farasi wa mbao naye hayumo katika Iliadi, ambayo inaishia kwenye mazishi ya Hector, shujaa wa Troy. Mtafute katika Odisei, utenzi wa Homer juu ya safari ya Odysseus kurudi kwao, kitabu cha 8. Na Persephone, binti wa Demeter, mungu wa nafaka? Utenzi wa kale wa Demeter unasema anakaa kuzimu theluthi moja ya mwaka, ilhali Ovid, Mrumi, anasema nusu. Vitabu vyako vitatu vinapingana kwa sababu kila kimoja kimechukua kipande kwa Mgiriki wa mwanzo na kipande kwa Mrumi aliyekuja mamia ya miaka baadaye, bila kumwambia msomaji.

Kwa nini miungu walichomewa mifupa na mafuta huku watu wakila nyama? Hiyo si dharau?

Wagiriki wenyewe walijiuliza swali hili, na jibu lao ni kisasili cha Prometheus. Hesiod anasema miungu na wanadamu walipokutana Mekone kugawana, Prometheus alichinja ng'ombe akaweka mafungu mawili. La kwanza lilikuwa nyama na matumbo yaliyonona, vimefichwa ndani ya tumbo la ng'ombe lisilovutia. La pili lilikuwa mifupa mitupu iliyofunikwa vizuri kwa shahamu inayong'aa. Zeus, mkuu wa miungu, akachagua lenye shahamu. Hesiod anasisitiza kwamba Zeus aliutambua ujanja huo, ila alichagua hivyo kwa kuwa alikwisha kuwawazia wanadamu mabaya. Akawanyima moto, Prometheus akauiba na kuuficha ndani ya bua lenye uwazi, na adhabu ikafuata, mwanamke wa kwanza. Toka hapo, anasema mshairi, watu duniani huwachomea miungu mifupa myeupe juu ya madhabahu.

Ukitaka kuona kazi yenyewe ilivyofanyika, hakuna maelezo yaliyo wazi kuliko ya Odisei, kitabu cha 3, pale mzee Nestor anapomtolea Athena ng'ombe jike kijana ambaye hajawahi kufungwa nira. Sonara anaanza kwa kuzipamba pembe kwa dhahabu, ili mungu aone na afurahi. Yanaletwa maji ya kunawa katika bakuli lenye nakshi za maua, pamoja na kikapu cha shayiri. Mwana mmoja anasimama na shoka, mwingine ameshika chombo cha kukingia damu. Nestor ananawa, ananyunyiza shayiri, anaomba, kisha anakata nywele za kichwani mwa mnyama na kuzitupa motoni. Baada ya hapo shoka linashuka na kukata mishipa ya shingo. Mnyama anapolegea, wanawake wanapiga vigelegele. Wanaume wanamwinua kichwa, anachinjwa, na damu nyeusi inamwagika.

Sasa angalia mgawanyo. Wanatoa mifupa ya mapaja mara moja, wanaifunika kwa shahamu mikunjo miwili, juu yake wanaweka vipande vya nyama mbichi. Mzee anaichoma juu ya kuni zilizopasuliwa huku akimwaga mvinyo, na vijana wako kando yake na nyuma zenye meno matano. Mapaja yakishaungua, wanaonja viungo vya ndani, yaani maini, moyo na vinginevyo. Nyama iliyobaki inakatwakatwa, inachomekwa kwenye mishikaki na kuchomwa. Ndipo karamu inaanza. Mungu anapata moshi na harufu, watu wanapata chakula, na wote wamekutana kwenye moto mmoja.

Hayo si maneno ya ushairi tu. Juu ya mlima Lykaion, Arcadia, wachimbaji wamefukua madhabahu ya majivu ya Zeus na kukuta mifupa iliyoungua ya kondoo na mbuzi, na karibu yote ni ya sehemu zilezile: mapaja, pia za magoti na mikia. Mkia ulikuwa na kazi yake. Ukiwekwa motoni hujikunja na kupanda juu, na Wagiriki waliusoma kama dalili kwamba sadaka imepokelewa. Wachoraji wa vyungu waliuchora hivyo hivyo juu ya madhabahu.

Mambo yangeweza kuharibika. Kosa kubwa lilikuwa kumsahau mmoja. Katika Iliadi, kitabu cha 9, mfalme Oineus anawatolea miungu wote sadaka za mavuno, ila Artemis anamruka. Artemis anapeleka nguruwe mwitu anayeng'oa miti ya matunda ya Kalydon, na mwisho wake ni vita. Kosa lingine ni kutumia utaratibu wa miungu wa juu kwa wafu. Kwao hakuna madhabahu iliyoinuliwa wala karamu. Odysseus, katika Odisei, kitabu cha 11, anachimba shimo la dhiraa moja urefu na dhiraa moja upana, anamimina asali iliyochanganywa na maziwa, kisha mvinyo, kisha maji, ananyunyiza shayiri nyeupe, halafu anachinja kondoo ili damu iingie shimoni. Hadithi inayotaja shimo inazungumza na walio chini. Inayotaja moshi inazungumza na walio juu. Ukishika hilo, visa vingi vinavyoonekana vya ajabu vitakaa mahali pake.

Miungu hawa wana umri gani? Walibuniwa na Homer?

Hapana, ni wakubwa kuliko Homer kwa miaka mia kadhaa. Mwaka 1952 Michael Ventris, msanifu majengo Mwingereza, alifumbua maandishi ya vibao vya udongo kutoka majumba ya kifalme ya Knossos, kisiwani Krete, na Pylos, Ugiriki bara, na lugha yake ikawa Kigiriki. Vibao hivyo havikukusudiwa kudumu. Moto ulioteketeza majumba ndio uliovioka vikawa vigumu. Humo wamo Zeus, Hera, Poseidon, Hermes na hata Dionysus, ambaye kabla ya hapo wataalamu wengi walimdhani ni mgeni wa baadaye. Jina la Aphrodite halijaonekana.

Ila usitarajie hadithi. Ni hesabu za ghala. Kibao kimoja cha Knossos kinasema, kwa ufupi wake wote: kwa miungu wote, mtungi mmoja wa asali, kwa Bibi wa Labirinto, mtungi mmoja wa asali. Hilo ndilo jambo la kushika: ushahidi wa maandishi wa mwanzo kabisa kuhusu miungu wa Kigiriki ni orodha ya walichopewa, na visa vyao vinaandikwa karne nyingi baadaye, Wagiriki walipochukua alfabeti kwa Wafoinike katika karne ya 8 KK. Hata hapo ushairi uliingia haraka. Kikombe cha udongo kilichopatikana mwaka 1954 katika kaburi la Pithekoussai, kisiwa cha Ischia, Italia, kimechanjwa mistari mitatu inayotaja kikombe cha Nestor, yule mzee wa tenzi za Homer, na ni cha robo ya mwisho ya karne hiyohiyo.

Iliadi ina mishororo zaidi ya 15,000. Nani angeweza kuikariri?

Washairi wa mwanzo hawakukariri neno kwa neno. Walitunga huku wakiimba. Milman Parry, mtaalamu wa Marekani, alionyesha jinsi ilivyowezekana. Kila mshororo una mapigo sita, na malenga alikuwa na mafungu ya maneno yaliyokwisha kupimwa yajaze sehemu fulani ya mshororo. Akibakiwa na nafasi ndefu mwishoni anasema "Achilles mwepesi wa miguu". Ikiwa fupi, "Achilles mtukufu". Ndiyo maana Achilles anaitwa mwepesi wa miguu hata akiwa ameketi. Ni kipimo cha wimbo kinachoamua, na msikilizaji wa kale hakuona kasoro.

Kati ya 1933 na 1935 Parry aliwarekodi waimbaji wa Yugoslavia waliofanya kazi hiyohiyo. Mmoja wao, Avdo Međedović, ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alitoa wimbo wenye mishororo zaidi ya 12,000. Odisei ina karibu idadi hiyohiyo.

Hivi kweli miji iligombania mifupa ya mashujaa wa hadithi?

Ndiyo, kwa dhati kabisa. Kwa Wagiriki shujaa aliyekufa alikuwa na nguvu pale alipozikwa, na aliyekuwa na kaburi alikuwa na nguvu hizo. Herodotus anasimulia kwamba katika karne ya 6 KK Sparta ilikuwa ikishindwa kila mara na Tegea, hadi kahini wa Delphi alipowaagiza wairudishe mifupa ya Orestes, mwana wa Agamemnon. Msparta mmoja, Lichas, akamsikia mhunzi wa Tegea akisema kwamba alipochimba kisima uani alikuta jeneza la dhiraa saba. Mifupa ikachukuliwa, na tangu siku hiyo Sparta ikawa juu. Mnamo 475 KK, Cimon wa Athens naye alileta kutoka kisiwa cha Skyros mifupa iliyosemwa kuwa ya Theseus, wakati Athens ilipokuwa imekiteka kisiwa chenyewe.

Hata mshororo mmoja ulitosha kuleta ugomvi. Athens na Megara zilipogombea kisiwa cha Salamis, Waathens walitoa ushahidi kutoka Iliadi: Ajax alileta merikebu 12 kutoka Salamis akaziweka zilipokuwa safu za Waathens. Wamegara wakajibu kwamba mshororo unaotaja safu za Waathens umechomekwa na Waathens wenyewe. Kwa maoni yetu, hakuna kisa kinachoonyesha vizuri zaidi uzito wa visasili katika jamii ile. Vilikuwa ushahidi wa umiliki wa ardhi.

Nikiangalia mchoro kwenye chungu cha Kigiriki, nitamtambuaje mungu?

Usitazame sura, tazama alichoshika. Zeus ana radi mkononi na Poseidon ana chusa cha meno matatu. Bila hivyo wazee hawa wawili wenye ndevu ni vigumu kuwatofautisha. Athena ana kofia ya chuma na vazi lenye pindo la nyoka, Hermes fimbo yenye nyoka wawili na viatu vya safari. Herakles amevaa ngozi ya simba. Dionysus ana majani na kikombe cha mvinyo, ila jihadhari: katika vyungu vya mwanzo ana ndevu nyingi, na yule kijana asiye na ndevu ni wa baadaye. Mara nyingi jina limeandikwa kando ya mtu, pengine kutoka kulia kwenda kushoto. Chungu kinachoitwa cha François, cha mnamo 570 KK, kilichoko Florence, kina watu na wanyama zaidi ya 200 na majina zaidi ya 100.

Hakukuwa na mtu aliyezipinga hadithi hizi?

Walikuwepo, na mapema. Xenophanes, katika karne ya 6 KK, aliwalaumu Homer na Hesiod kwa kuwabebesha miungu wizi, uzinzi na udanganyifu. Akaongeza kwamba ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora, wangechora miungu wenye sura za ng'ombe na farasi. Sadaka ziliendelea vilevile, maana ibada haikumtaka mtu athibitishe kisa, ilimtaka afike na afanye inavyopasa.

Nianze kusoma kipi?

Anza na utenzi wa Demeter, mishororo 495, unaomalizika kwa muda mfupi na unaoeleza asili ya ibada ya siri ya Demeter huko Eleusis, karibu na Athens, pamoja na kinywaji chake cha maji, unga wa shayiri na mnanaa. Fuata Theogonia ya Hesiod, kama mishororo 1,000. Chora nasaba kwenye karatasi kadiri unavyosoma, la sivyo majina yatakuchanganya kabla hujafika kwa Zeus. Kisha Odisei, halafu Iliadi. Chagua tafsiri yenye namba za mishororo pembeni, kwa sababu vitabu vyote vya ufafanuzi hurejelea namba hizo.