Simu iliita mara tatu

Kijana wa kwanza niliyemtafutia kazi alikuwa kiziwi, fundi hodari wa kushona, cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, anacho. Wasifu wake niliuandika mimi mwalimu wake, nikaweka na namba yake ya simu. Kiwanda kimoja cha nguo kikampigia kumwita kwenye usaili. Simu iliita mara tatu. Tulipofika kesho yake, nafasi imeshachukuliwa. Kosa lile lilikuwa langu, na mpaka leo linaniuma.

Tangu siku hiyo, kila wasifu ninaosaidia kuuandika una mstari huu chini ya namba: "Mimi ni kiziwi, tafadhali nitumie ujumbe wa maandishi."

Ila kikubwa nilichojifunza ni kutosubiri. Walimu wengi tunamkabidhi mtoto cheti na kuagana naye getini, kisha anakaa nyumbani miaka miwili, mikono inasahau. Anza angali Kidato cha Tatu. Likizo ikifika, mpeleke kwenye karakana ya kweli, hata kwa wiki tatu. Mafundi wa mtaani nimewaona wanakubali upesi kuliko maofisi, mradi usiwaombe huruma. Sema tu: "Huyu anapima na kukata suruali, mpe kazi umwone."

Siku mbili za kwanza kaa naye pale pale, uwafundishe wenzake alama kumi hivi: njoo, subiri, pima, hatari, mteja. Seremala mmoja alikuwa akimrushia mwanafunzi wangu vipande vya mbao ili ageuke. Tukafunga taa juu ya meza yake ya kazi, swichi ikawa kwa fundi. Ikimulika mara mbili, kijana anainua kichwa. Ilitugharimu balbu, swichi na waya mita chache.

Usisahau safari. Konda wa daladala hutaja vituo kwa mdomo, kiziwi hasikii. Pandeni pamoja mara kadhaa mpaka azijue alama za njiani, na awe na karatasi yenye jina la kituo ya kumwonyesha konda.

Kwa waajiri wakubwa, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mimi huitaja baada ya mwajiri kuiona kazi ya kijana. Ukimtisha nayo mlangoni, atamwajiri kujaza hesabu tu, amweke kwenye kona bila kazi. Anayetaka kujiajiri aende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, aulizie mkopo wa halmashauri: katika asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo hiyo, 2 ni za watu wenye ulemavu. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, akiombe mara tu anapotimiza miaka 18.

Wazazi wenzangu, nawasihi jambo moja. Mama mmoja aliomba mshahara wa mwanawe aupokee yeye, kwa kuwa "hajui hela". Tulikaa naye jioni nzima tukizungumza, akakubali. Mwisho wa mwezi kijana akazihesabu mwenyewe, noti moja moja, kisha akamkatia mama yake ya unga.