Muulize Bi Kalamu: Bahasha yangu imerudi haijafunguliwa

SWALI: Bi Kalamu, shikamoo. Nimeandika komedi ya televisheni kuhusu ndugu wawili waliorithi gereji moja na hawaelewani. Vipindi vyote 13 vimekamilika. Nimevipeleka vituo vitatu: viwili kimya, cha tatu kimenirudishia bahasha hata gundi haijabanduka. Ina maana sisi wapya hatutakiwi? Na nikiendelea kutuma, si wataniibia wazo? Nakuambatishia kipindi cha kwanza.
– Fundi wa Maneno

JIBU: Marahaba, mwanangu. Najua bahasha ya namna hiyo inavyouma, ila usiichukulie kuwa dharau. Vituo vingi havisomi mswada ambao havikuuomba, na wanaowakataza ni wanasheria wao. Huenda tayari wana komedi ya ndugu na gereji inayoandaliwa. Wakisoma yako leo, yao ikaruka hewani mwakani, utawaburuza mahakamani. Gundi isipobanduka, hawana cha kujibu.

Mlango wa kubisha ni wa mtayarishaji. Kituo mara nyingi huagiza kipindi kwa kampuni ya utayarishaji iliyozoea kumaliza kazi ndani ya bajeti. Hakimpi fedha mtu mwenye kurasa tu. Kwa hiyo komedi unayoipenda ikiisha, usinyanyuke. Soma yale majina yanayopita mbiombio mwishoni, unakili jina la kampuni, kisha waandikie barua ya aya mbili kuuliza kama wanasoma kazi za wageni. Wakikubali ndipo utume. Wapo pia wanaofungua dirisha la kupokea kazi za wapya kwa wiki chache tu. BBC ya Uingereza imefanya hivyo kwa miaka mingi. Wakisema wanataka kurasa 30, usipeleke 31 ukitegemea huruma. Nilipokuwa nasoma miswada kwa mshahara, rundo langu la kwanza kupungua lilikuwa la waliodhani masharti ni ya wenzao.

Kuhusu wizi: wazo tupu halilindwi na hakimiliki. Ndugu wawili na gereji ni mali ya kila mtu. Kinacholindwa ni maneno uliyoyaandika, kwa hiyo kinga yako ni mswada uliokamilika na nakala zenye tarehe. Ukipewa fomu ya kusaini kabla hawajasoma, ni jambo la kawaida, ila isome yote.

Sasa hivyo vipindi 13. Pole, maana najua ni usiku mwingi. Fawlty Towers nzima, komedi ya BBC ya mwaka 1975 na 1979, ni vipindi 12, nawe umewazidi waandishi wake kabla mtu hajakusoma hata kimoja! (Hao nao, mwaka 1974, msomaji mmoja wa miswada ndani ya BBC aliripoti kwamba haoni ikitokea chochote ila balaa. Sisi wasomaji hukosea, lakini hatukosei kila siku, usijifariji sana.) Tuma kipindi kimoja, pamoja na kurasa mbili au tatu zinazoeleza wahusika ni nani na vipindi vingine vitahusu nini. Hivyo 12 vifiche. Mtayarishaji akikubali cha kwanza atabadilisha mengi, na utalazimika kuviandika upya vyote.

Nimesoma ulichoambatisha. Kina kurasa 58. Komedi ya nusu saa kwenye kituo chenye matangazo hubakiwa na dakika kama 22 hivi, na mswada ulioandikwa kwa mtindo wa filamu, kama wako, hukadiriwa ukurasa mmoja kwa dakika moja. Hesabu mwenyewe. Nisikucheke, wangu wa kwanza ulikuwa na 61.

Ila urefu ni ugonjwa wa mkasi tu. Kilichonisumbua ni ukurasa wa kwanza. Kaka anamwambia mdogo wake: "Kama unavyojua, baba yetu alipofariki miaka mitatu iliyopita alituachia gereji hii." Mdogo wake anajua! Alikuwepo. Hapo unamhutubia mtazamaji kupitia kinywa cha mtu, na msomaji mchovu anaufunga mswada, maana wengi wetu hutoa hukumu ndani ya kurasa kumi za mwanzo.

Halafu nikafika ukurasa wa 19. Ndugu wamechora mstari wa chaki katikati ya gereji. Gari limeegeshwa juu yake, boneti upande wa mkubwa, buti upande wa mdogo. Mteja ameshika funguo, hajui ampe nani.

MKUBWA: Linapiga kelele wapi?
MTEJA 2: Katikati.

Nao wanainama kuutazama mstari. Nilicheka peke yangu, paka akaondoka chumbani. Hakuna mzaha hapo, hakuna aliyejikwaa, na bado nimejua ni ndugu, wamerithi, wamegombana, na ugomvi unawala pesa. Huo ndio ukurasa wako wa kwanza. Zile 18 zilizotangulia zitupe, hata lile tukio la pancha unalolipenda (nimeona ulivyolipamba).

Mtayarishaji ataupenda mstari huo kwa sababu nyingine pia: ni chumba kimoja na chaki. Wewe umeandika helikopta ukurasa wa 40. Itoe.

Ukishapunguza, kusanya watu wanne wausome kwa sauti, wewe ukae kimya na penseli. Wasipocheka, usiwaeleze, weka alama, endelea. Ziba majina ya wahusika kwa karatasi uone kama bado unajua nani anasema. Ndugu zako hawa kwa sasa wana ulimi mmoja.

Na huyo MTEJA 2 mpe jina, umrudishe kipindi cha pili. Gari lake bado halijatengenezwa.